Mdogo wangu yuko kwenye methadoni: nimpe poda ya manjano imsafishe ubongo?

Ndugu washauri,

Asalam aleikum. Naandika kutoka Tanga kuhusu mdogo wangu wa kiume, ana miaka 31. Alitumia unga, yaani heroini, miaka tisa. Alianza na kokteli, yaani unga uliochanganywa kwenye sigara ya bangi, akaja kuvuta moshi wa unga uliochomwa juu ya foili, na mwaka wa mwisho akawa anajidunga. Miaka miwili iliyopita alizidisha kipimo. Tulimkuta amelala chooni, midomo imegeuka bluu, anakoroma mkoromo wa ajabu. Alilazwa, akazinduka siku ya pili. Sasa, alhamdulillah, ana miezi saba kwenye methadoni, dawa ya kliniki inayochukua nafasi ya unga. Kila asubuhi anaamka mwenyewe kwenda kunywa dozi yake, miligramu 80, na unga hajaugusa tangu mwezi wa pili wa matibabu.

Shida ni kichwa. Ukimtuma dukani vitu vitatu anarudi na kimoja. Anaanza kuzungumza, katikati anapotea. Alikuwa fundi umeme wa majumbani, mtu wa kutegemewa, leo hata rangi za nyaya zinamchanganya.

Halafu mwezi uliopita amekutwa na kifua kikuu, ameanza dawa. Tangu wiki ya pili ya dawa hizo analalamika arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imerudi: miayo, jasho, mifupa kuuma, usiku halali. Sigara anavuta karibu pakiti nzima kwa siku.

Stendi kuna muuzaji wa dawa za asili anauza poda ya kusafisha ubongo, chupa shilingi 45,000. Anasema ndani kuna manjano, pilipili manga, mlonge, habasoda na karafuu. Anywe vijiko vitatu vya chakula kila asubuhi kwa miezi mitatu, pamoja na vidonge vya beta-karotini, na apunguze methadoni nusu ili sumu ipate njia ya kutoka. Amenionyesha kwenye simu habari za panya waliopewa dawa za kulevya pamoja na manjano, na bongo zao hazikuharibika. Chupa moja nimeshainunua, sijaifungua.

Naomba mnieleze: hizi antioksidanti za asili zinalinda ubongo kweli? Nimpe kiasi gani? Methadoni ipunguzwe? Na kumbukumbu yake itarudi?

Dada Mkubwa, Tanga

Dada Mkubwa,

Waaleikum salaam, na pole kwa mzigo. Umefanya vizuri kutoifungua chupa. Kabla ya maswali yako manne, tunaanza na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri hata wiki moja: arosto iliyorudi baada ya dawa za kifua kikuu.

Arosto hiyo ni ya kweli. Mdogo wako hadeki, wala si sumu inayotafuta njia ya kutoka. Katika dawa za kifua kikuu kuna rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa. Rifampisini hulichochea ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja dawa, na methadoni huvunjwa na vimeng'enya hivyo hivyo. Ndani ya siku chache hadi wiki mbili kiwango cha methadoni kwenye damu kinaweza kushuka kwa theluthi moja, hata theluthi mbili, ingawa kwenye kikombe anakunywa miligramu 80 zilezile. Mwili wake unaishi kana kwamba dozi imekatwa. Katika hali hiyo, kumpunguzia nusu kama anavyotaka muuzaji ni kumrudisha mwenyewe kwa wauza unga.

Kesho asubuhi nenda naye kliniki. Kabla hajanywa dozi, mwambieni muuguzi au daktari mambo matatu: tarehe aliyoanza dawa za kifua kikuu, tarehe dalili za arosto zilipoanza, na saa zinapomshika. Arosto inayokuja saa 20 baada ya dozi ni tofauti na inayokuja saa 10 baadaye, na daktari ataitumia habari hiyo kupanga nyongeza. Dozi itapandishwa kidogo kidogo, huku akiangaliwa. Dawa za kifua kikuu asiache hata siku moja, maana wapo wanaoziacha kimyakimya ili arosto ipungue, kisha kifua kikuu kinarudi kikiwa sugu.

Ipo na hatari ya upande wa pili, ambayo familia nyingi hazielezwi. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Rifampisini ikishakwisha, ini hurudi taratibu kwenye hali yake kwa muda wa wiki mbili hivi. Ikiwa methadoni ilipandishwa hadi, tuseme, miligramu 130, na sasa hakuna kitu kinachoivunja kwa kasi, dozi ile ile iliyokuwa inamtosha inaweza kumzima pumzi usingizini. Iandike ukutani tarehe ya kumaliza dawa za kifua kikuu, na wiki mbili kabla yake wakumbushe kliniki ya methadoni ili wapange kushusha.

Ukiwa huko uliza pia kama anapewa piridoksini, yaani vitamini B6. Dawa nyingine ya kifua kikuu, isoniazidi, huvuruga kazi ya vitamini hii mwilini na kuleta ganzi na kuwaka moto kwenye nyayo, na mara chache hata degedege. Miligramu 10 hadi 25 kwa siku zinatosha kumkinga. Hapa kweli vitamini inazuia madhara ya dawa kwenye neva, na tunafurahi kuitaja kwa sababu inaonyesha kinga ya kweli inavyokuwa: kitu kinachojulikana, kwa dawa inayojulikana, kwa kipimo kinachojulikana. Msiongeze vidonge vya B6 vya kununua. Ikizidi mno kwa miezi, B6 yenyewe huharibu neva zile zile.

Sasa tuje kwa panya wa muuzaji.

Hakusema uongo kuhusu panya. Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na umejaa mafuta laini ambayo huungua kwa urahisi, kwa namna ya mafuta ya kupikia yanavyochacha. Oksijeni inapotumika hutoa mabaki makali yanayoitwa radikali huru, na antioksidanti ni vitu vinavyozima cheche hizo kabla hazijachoma ukuta wa seli. Dawa kama methamfetamini, ambayo wengi wanaiita aisi, humwaga dopamini nyingi, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, nje ya vifuko vyake, na dopamini hiyo ikivunjika hutoa cheche nyingi kupita uwezo wa seli kuzizima. Ukimpa panya kurkumini, ile rangi ya manjano, au vitamini C, au thaimokwinoni ya habasoda, uharibifu unapungua. Matokeo ya namna hiyo yamepatikana katika maabara nyingi, na hatuyadharau.

Ila soma habari hizo kwa makini uone panya alipewa lini. Mara nyingi hupewa antioksidanti siku kadhaa kabla ya dawa ya kulevya, au vyote kwa pamoja. Ngao inatangulia mshale. Mdogo wako mshale ulishapita zamani. Kumzuia panya asiumie ni kazi moja, kumponya binadamu aliyeumia miaka miwili iliyopita ni kazi nyingine, na hii ya pili panya wale hawakupimwa nayo.

Kisha kuna kipimo. Tuchukue mfano wa panya anayepewa miligramu 100 za kurkumini kwa kila kilo ya uzito wake. Watafiti hugawa kwa 6.2 ili kupata kiasi kinacholingana kwa binadamu, kwa hiyo ni kama miligramu 16 kwa kilo. Kwa kijana wa kilo 60 hiyo ni karibu miligramu 970. Poda ya manjano ina kurkumini ya asilimia 3 hivi, basi angehitaji gramu 32 za manjano matupu kila siku, zaidi ya vijiko kumi vya chai vilivyojaa. Na hata akivimeza, sehemu kubwa ya kurkumini haiingii kwenye damu. Hutoka na choo, au huvunjwa na ini kabla haijafika kokote.

Jibu la binadamu tunalo, tena limetoka kwenye mkasa unaofanana sana na ulimwengu wa mdogo wako. Mwaka 1982 huko California vijana waliojidunga heroini bandia iliyotengenezwa kienyeji walikauka ghafla, hawawezi kusogea wala kuzungumza vizuri, kama wazee wenye ugonjwa wa Parkinson. Daktari William Langston na wenzake waligundua kuwa dawa ile ilikuwa na uchafu unaoitwa MPTP, unaoua seli za dopamini kwa kuzima mitambo yao ya nishati na kuzijaza cheche. Ugunduzi huo uliwapa wanasayansi njia ya kuleta ugonjwa huo kwa wanyama, na katika wanyama hao antioksidanti nyingi zilionekana kulinda. Matumaini yakapanda. Wagonjwa 800 wa Parkinson nchini Marekani na Kanada waliingizwa kwenye jaribio la vitamini E, yuniti 2000 kwa siku. Matokeo yake yalitoka 1993: vitamini E haikupunguza mwendo wa ugonjwa. Ikafuata koenzaimu Q10 kwa wagonjwa 600, na jaribio lilisimamishwa 2011 kwa kuwa hakukuwa na dalili ya faida. Australia nao walijaribu asetilisisteini, dawa inayosaidia mwili kutengeneza glutathioni ambayo ni antioksidanti yetu ya asili, kwa watu 153 waliotaka kuacha methamfetamini: miligramu 2400 kila siku kwa wiki 12. Matokeo ya 2021 yalionyesha kuwa matumizi yao hayakupungua kuliko ya waliopewa vidonge vitupu.

Heroini, dada, ina njia yake ya kuumiza ubongo, na kwa mtu aliyezidisha njia kubwa ni pumzi. Unga hulegeza kituo cha upumuaji kwenye shina la ubongo. Mtu akikoroma na midomo ikawa bluu, oksijeni imeshuka, na seli huanza kufa ndani ya dakika nne au tano hewa ikikatika kabisa. Zinazotangulia kufa ni za hipokampasi, sehemu inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana anakumbuka ya utotoni lakini anasahau ulichomtuma sasa hivi. Tunadhani usiku ule wa chooni ulichangia zaidi kuliko ile miaka tisa ya unga, ingawa daktari wa neva ndiye wa kuthibitisha.

Moshi wa foili nao una ugonjwa wake, wa nadra. Ulielezwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1982: utando mweupe unaofunika nyaya za ubongo huvimba na kutoboka matobo madogo kama sifongo. Mtu huanza kuyumba kama mlevi, ulimi unakuwa mzito, mikono inakosa shabaha. Madaktari kadhaa wamewapa wagonjwa hao koenzaimu Q10 pamoja na vitamini C na E, na baadhi yao walipata nafuu, lakini wagonjwa walikuwa wachache na hawakulinganishwa na wasiopewa. Kama mdogo wako anayumba akitembea au maneno yanamgonga, omba apigwe picha ya MRI ya kichwa. Kama ni kusahau tu bila kuyumba, ugonjwa huu hauelekei kuwa ndio wake.

Basi poda ile, hata kama haisaidii, ina ubaya gani? Tusemee kimoja kimoja, maana hapa ndipo wasiwasi wetu ulipo.

Pilipili manga. Wauzaji huiweka kwa sababu ya jaribio la 1998, ambapo miligramu 20 za piperini zilipandisha kurkumini kwenye damu ya watu mara 20. Ni kweli. Lakini piperini hufanya hivyo kwa kuzuia vimeng'enya vya ini na utumbo, na haichagui. Imewahi kupandisha dawa ya kifafa ya fenitoini na dawa ya moyo ya propranololi kwenye damu za watu. Kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga, gramu 2 hivi, kina kama miligramu 100 za piperini. Sasa fikiria: rifampisini inaivuta methadoni chini, vijiko vitatu vya poda vinaivuta juu, daktari anapandisha dozi bila kujua kuna mtu mwingine ameshika kamba. Siku poda ikiisha, au akinywa mara mbili kwa bahati mbaya, hakuna anayejua methadoni iko wapi. Pilipili ya kwenye mchuzi haina shida hiyo.

Manjano kwa wingi pamoja na pilipili manga. Italia mwaka 2019 na Marekani katika miaka iliyofuata waliandika visa vya watu walioumia ini kwa virutubisho vya manjano, vingi vikiwa vimechanganywa na pilipili hiyo. Ini la mdogo wako kwa sasa linabeba isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, na zote tatu zinaweza kulichubua. Ikitokea macho yamekuwa njano, daktari hatajua amsimamishie nini. Dalili za kumkimbiza hospitali ni macho ya njano, kichefuchefu kisichoisha, maumivu chini ya mbavu za kulia, na mkojo wa kahawia kama chai nzito. Rangi ya machungwa isiwatishe, ni rifampisini tu.

Halafu risasi, yaani ile metali nzito ya ledi. Utafiti uliochapishwa 2019 kuhusu Bangladesh ulikuta manjano yamepakwa kromati ya risasi ili yang'ae. Risasi ni sumu ya ubongo, hasa ya watoto. Inasikitisha kwamba mtu anaweza kumnywesha ndugu yake sumu ya ubongo akidhani anamkinga. Chupa yako hatujaipima, hatuwezi kuisemea. Ukitaka manjano ya kupikia, nunua mabichi sokoni, osha, menya, yapare mwenyewe. Kijiko cha chai kwa sufuria ya familia ni chakula kizuri.

Mlonge na habasoda kama viungo vya jikoni havina neno. Mlonge mwingi huweza kushusha shinikizo la damu na sukari, na mtu wa methadoni ambaye hajala tayari ana kizunguzungu chake. Karafuu inaongoza viungo vingi kwa nguvu ya antioksidanti ikipimwa kwenye chupa ya maabara, na sisi watu wa pwani tunaipenda, lakini mafuta yake ya kukamua ni makali kwa ini, na kijiko kidogo tu ni hatari kwa mtoto. Yafungie mbali kama yamo nyumbani.

Vidonge vya beta-karotini tunavikataa moja kwa moja, kwa sababu ya ile pakiti ya sigara. Finland wanaume wavutaji 29,133 walifuatiliwa katika jaribio ambalo matokeo yake yalitoka 1994. Waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Antioksidanti hiyo hiyo ndani ya karoti au mchicha haijaonyesha madhara hayo.

Kwa hiyo swali la kiasi gani tunalijibu kwa sahani. Mvutaji wa kiume anahitaji kama miligramu 125 za vitamini C kwa siku, 35 zaidi ya asiyevuta, kwa sababu moshi huimaliza. Pera moja la gramu 60 linafikisha hapo. Machungwa mawili pia. Maji ya ubuyu yasiyochemshwa ni mazuri, ila yasijazwe sukari: methadoni hukausha mate, na kinywa kikavu chenye sukari huoza meno haraka. Balungi aliache, lina vitu vinavyozuia vimeng'enya kama piperini. Vitamini E ipo kwenye mafuta ya alizeti, kijiko cha chakula kimoja kina theluthi moja na zaidi ya mahitaji ya siku, na iliyobaki itoke kwenye karanga na mchicha. Mayai, maharage, dagaa. Maji mengi na mboga zitamsaidia pia choo, maana methadoni hufunga tumbo.

Samaki tunahitaji kulisemea, kwa kuwa mpo Tanga. Jodari na vibua vilivyokaa juani bila barafu hujenga histamini. Isoniazidi huuzuia mwili kuivunja, na mtu hupata uso kuwaka, kichwa kugonga na moyo kwenda mbio dakika chache baada ya kula. Mpikie samaki aliyetoka baharini siku hiyo, la sivyo mpe mayai au maharage. Dawa za kifua kikuu anywe tumbo tupu, saa moja kabla ya kula, kwa sababu chakula, hasa cha mafuta, hupunguza kiasi kinachoingia mwilini.

Ulinzi mkubwa wa ubongo wake ni kutozidisha tena. Methadoni isichanganywe na pombe, valiamu wala unga, na dawa yoyote ya duka la dawa aionyeshe kliniki kwanza. Antibayotiki ya kawaida kama siprofloksasini inaweza kupandisha methadoni na kuvuruga mapigo ya moyo. Waulize kuhusu naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha. Siku mkimkuta ameanza mkoromo ule, haamki hata ukimsugua kifuani kwa ngumi, tuma mtu aite msaada, mlaze chali, inua kidevu kichwa kirudi nyuma, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde tano. Naloksoni miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, na irudiwe baada ya dakika mbili au tatu kama hapumui. Akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu, na apelekwe hospitali hata kama amezinduka na anagoma. Naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, na usingizi ule unaweza kumrudia.

Kumbukumbu. Miezi saba ni mapema kukata tamaa. Wengi hunyooka pole pole kwa mwaka wa kwanza na zaidi, hasa wakilala vizuri, na yeye sasa halali kwa sababu ya arosto. Kwa hiyo dozi ikirekebishwa, mpe wiki sita ndipo uanze kumpima. Kama anasinzia saa mbili hadi nne baada ya dozi, wakati methadoni iko kileleni, waambie kliniki, pengine imezidi. Omba vipimo vya VVU, kaswende, tezi ya shingo na vitamini B12, maana vyote huleta usahaulifu na vyote vina tiba. Akipimwa VVU akakutwa nayo, kliniki ijue mara moja ameanzishiwa dawa gani, kwa kuwa efavirenzi pia huishusha methadoni.

Nyumbani mpe daftari la mfukoni, aandike mwenyewe kabla ya kutoka. Usimtajie vitu vitatu, mpe kimoja akirudi ndipo cha pili, kisha ongeza. Kazi ya umeme aianzie kwenye ubao wa mazoezi usio na moto: swichi, soketi, nyaya za rangi, na mchoro ukutani mbele yake. Mikono hukumbuka mambo ambayo kichwa kimeyasahau. Asiguse umeme wa kweli peke yake mpaka aukamilishe ubao ule bila kosa siku kadhaa mfululizo, na asipande ngazi asubuhi baada ya dozi.

Ile chupa usiimwage. Ibebe kesho pamoja na karatasi yake, mpe mfamasia wa kliniki aione. Na kama mdogo wako alishaonjeshwa hata kijiko kimoja pale stendi, aseme siku na kiasi, kabla hawajagusa dozi yake.